Nilikipima kidude cha vape kwa matumizi ya kila siku, Shangazi akanipima mimi

Wakuu, heshima kwenu wote, mlioko huku kwenye baridi na mlioko huko kwenye joto.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu una sehemu za aibu. Leo nimeamua kuuweka wote. Yaliyomo yamenikuta mimi mwenyewe, hapa Songea na vijiji vyake, na zile sehemu za aibu sijazikata.

Kwanza mnifahamu anayeongea ni nani.

Mimi ni fundi wa sola na pampu za maji. Nina diploma ya umeme, niliisoma kwa kuuza mahindi ya kuchoma jioni, hakuna mjomba aliyenilipia. Nikaenda Bondeni, yaani Afrika Kusini, nikapiga kazi miaka saba juu ya mapaa ya watu, nikarudi na vifaa vyangu kwenye masanduku. Leo nina duka Mfaranyaki, nina pikipiki mbili, na nina nyumba Bombambili ambayo kila waya uliomo ukutani niliupitisha kwa mkono wangu.

Nasema haya si kwa kujisifu tu, ingawa kujisifu nako kumo. Nataka mjue kwamba mimi si mtu wa kudanganywa na kifaa. Kifaa chochote kikifika mezani kwangu nakifungua, nakipima, ndipo nakiamini.

Kitu kingine nilichorudi nacho kutoka Bondeni ni sigara.

Nilikuwa mvutaji wa pakiti kwa siku. Mke wangu Skola alivumilia mpaka alipopata ujauzito wetu wa kwanza. Hapo harufu ya sigara ikawa inamtapisha. Nikihamia barazani, anatapika. Nikivuta dukani nikarudi nimepiga mswaki, anatapika. Ujauzito ulipofika miezi minne akaenda kwao Mpitimbi.

Skola ni fundi cherehani. Alipobeba na cherehani nikajua hajaenda kusalimia.

Siku anaondoka aliniambia maneno haya, na mpaka leo nayakumbuka yote:

"Sitaki uniapie. Tangu tuoane hujawahi kukaa na mimi misa nzima. Mahubiri yakianza unatoka, unarudi unanuka. Siku utakayokaa na mimi kuanzia wimbo wa kuingilia mpaka baraka ya mwisho, hiyo siku nitarudi nyumbani."

Wakuu, sharti lenyewe ni hilo tu. Misa moja. Nikacheka moyoni. Mtu niliyekaa juu ya paa saa tisa mfululizo kwenye jua, nishindwe na benchi la kanisa?

Nikajaribu kuacha sigara kwa nguvu. Siku ya tatu nilimfokea mteja mzee kuliko baba yangu. Siku ya nne nikanunua pakiti.

Hapo ndipo rafiki yangu niliyefanya naye kazi Bondeni aliponitumia hicho kidude.

Ni vape ndogo, ya kujaza mwenyewe. Kwa ukubwa ni kama kibiriti cha gesi kilichonenepa kidogo. Ndani ina betri, juu ina kitangi cha plastiki unachokijaza kimiminika, wavutaji wenyewe wanakiita juisi. Katikati ya kitangi kuna koili, ni kiwaya kidogo kimefungwa pamba. Ukivuta, betri inapasha koili moto, juisi inakuwa mvuke. Hakuna moto, hakuna majivu, hakuna kipisi.

Niliifungua usiku uleule wa kuipokea kama kawaida yangu, nikashangaa kwelikweli. Kitu kidogo vile kina ulinzi wa kuzuia betri isipate joto kupita kiasi, kina kihisi kinachojua kwamba umeanza kuvuta, hakina hata swichi. Sisi mafundi tunajua kuheshimu kazi ya fundi mwingine. Aliyebuni kile kitu, popote alipo, mikono yake ibarikiwe.

Nikaamua kukipima kwa matumizi ya kila siku, nikaandika daftarini kama ninavyoandika vipimo vya pampu. Niwape niliyoyaona, kwa sababu najua wengine mmeingia humu kwa ajili hiyo.

Chaji: ukichaji asubuhi wakati unakunywa chai, unafika jioni. Waya ni uleule wa simu. Nikiwa porini nachaji kwenye sola ya mteja, kwa ruhusa yake.

Kuvuja: siku ya kwanza nilijaza mpaka juu, nikaweka kwenye mfuko wa shati, nikapanda pikipiki kwenda kwa mteja upande wa Mpitimbi kwa ile barabara mnayoijua. Nilifika kwa mteja na doa kifuani kama mama anayenyonyesha. Baadaye nikajua: usijaze mpaka mwisho, na kisimame wima.

Baridi: hili hamtaliona kwenye review za watu wa Dar. Mwezi wa saba hapa Songea asubuhi juisi inakuwa nzito kama asali, koili haipati kitu, unavuta pamba kavu inayoungua. Dawa yake ni kukiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Koili: ikianza kuonja kama kitambaa kilichoungua, badilisha. Usijifanye mvumilivu.

Juisi: hapa ndiyo shida ilipo. Songea sikuipata. Niliagiza Dar, inakuja na basi kama kifurushi. Nilichagua ya ladha ya embe.

Kwa alama zangu kilifaulu. Shati halinuki. Kikohozi cha asubuhi kikapungua. Jirani yangu wa duka, Shabani, fundi simu kutoka Tanga, ndiye pekee aliyenikosoa.

"Wallahi ndugu yangu, zamani ulikuwa unatoka nje kuvuta. Siku hizi hata ukiwa unaongea na mteja mvuke unakutoka puani. Umekuwa birika."

Nikamwambia akatengeneze simu.

Wiki ya tatu nikaenda Mpitimbi kifua mbele. Skola akanikaribisha uani, akanisogelea shingoni, akanusa.

"Unanuka embe."

"Si uliniambia sigara inakutapisha? Nimeiacha."

Akakitazama kile kidude, akakigeuza mkononi.

"Umeacha, au umehama?"

Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukaingia misa pamoja. Nilikaa vizuri mpaka somo la pili. Halafu mkono wangu ukaanza kwenda mfukoni peke yake. Nasema peke yake kwa sababu mimi sikuutuma. Nikatoka. Nikarudi. Wakati wa matoleo nikatoka tena. Wakati wa matangazo nikatoka mara ya tatu.

Tulipotoka kanisani Skola hakugomba. Alisema tu, kwa upole, na ule upole ndio uliniuma:

"Enzi za sigara ulikuwa unatoka mara moja."

Nikarudi Songea na pikipiki yangu na daftari langu lenye alama nzuri.

Sasa nakuja kwenye sehemu ya aibu.

Wiki ya tano nilipata kazi ya kufunga pampu Lusewa, kule Namtumbo. Kifurushi changu cha juisi kikachelewa, basi liliharibika njiani. Nikaondoka na kitangi kikiwa karibu tupu. Nilipofika Namtumbo kilikuwa kimekauka, nikashuka nikanunua sigara mbili za rejareja, nikavuta moja nyuma ya kibanda kama mwanafunzi. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikatafuna pipi ya mnanaa, nikaendelea na safari.

Lusewa anaishi Shangazi Edeltruda, dada mkubwa wa marehemu baba. Kwa wasiojua, ukanda ule unalimwa tumbaku ya moshi, ile inayotundikwa kwenye bani, nyumba ya kukaushia, na kufukizwa kwa magogo. Ukoo wetu umelima tumbaku tangu sijazaliwa. Shangazi amechambua majani ya tumbaku ghalani karibu maisha yake yote. Kuchambua maana yake ni kupanga majani kwa madaraja: hili la kwanza, hili la tatu, hili takataka.

Nikafikia kwake. Shikamoo, marahaba, akaniwekea ugali na kisamvu, akaenda shamba. Mimi nikabaki na kiu yangu ya kuvuta, na mbele yangu, darini, kuna mafungu ya tumbaku yamening'inia.

Akili ya diploma ikaanza kufanya kazi. Juisi ni nini? Ni glycerin na nikotini. Glycerin ninayo kwenye begi, ninajipaka mikono kwa ajili ya baridi. Nikotini imening'inia hapo juu, ya ukoo wangu mwenyewe, ya bure. Kwa nini niagize Dar kitu ambacho Dar wanakitoa kwetu?

Nilivyoitengeneza siandiki hapa, kwa sababu namjua mmoja wenu atajaribu. Ila mjue niliichemsha, nikaikamua kwa mikono mitupu mpaka viwiko vikalowa maji meusi, na nilijiona mvumbuzi. Nikajaza kitangi. Nikavuta mara tatu.

Kwanza koili iliungua papo hapo, ladha kama soksi iliyochomwa. Hilo sikulijali sana. Nikachukua ngazi nikaenda kwa mteja kufunga paneli.

Nilipokanyaga kidato cha tatu mate yakajaa mdomoni. Mate mengi, yasiyomezeka. Halafu jasho la baridi. Halafu moyo ukaanza kupiga kama mashine ya kusaga. Nikashuka, namshukuru Mungu nilishuka, nikatapika palepale mbele ya mteja. Dunia ikawa inazunguka taratibu kuelekea kushoto.

Walinipeleka kwa Shangazi wananishika huku na huku. Alikuwa amesharudi shamba. Hakuniuliza nimekula nini. Aliniangalia usoni, akainua mkono wangu, akaunusa.

"Amelewa tumbaku huyu," akawaambia. "Leteni maji mengi na sabuni."

"Shangazi, nimevuta mara tatu tu..."

"Nyamaza. Wavunaji wakibeba majani mabichi yamelowa umande yanawafanya hivihivi. Inaingia kwenye ngozi. Vua shati."

Akanisugua mikono mpaka mabegani kwa sabuni ya mche kama anasugua sufuria. Mtu mzima, mwenye nyumba na pikipiki mbili, naogeshwa uani watu wanaangalia. Akamuita mtu wa bodaboda, akapanda nyuma yangu kunishika, tukaenda zahanati. Daktari alituweka pale mpaka moyo ulipotulia. Akaniambia ningevuta zaidi, au ningeendelea kukaa na lile shati lililolowa, tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Wakuu, mtu aliyeona ugonjwa wangu kwa kuunusa mkono ana darasa la nne.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, dhaifu. Shangazi alikuwa anachambua majani karibu yangu. Nikaona kitu ambacho mpaka leo kinanisisimua. Alikuwa anaongea na mimi, ananitazama usoni, na mikono yake inapanga majani bila yeye kuyaangalia. Jani linapita kati ya vidole, linapita chini ya pua, linaenda kwenye fungu lake.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nikavuta yale mafungu nikayakagua. Rangi, unene, madoa. Sikuona jani hata moja lililokosea njia. Nikachukua majani sita ya mafungu tofauti, nikamwambia afumbe macho. Akafumba huku anacheka. Yote sita yakarudi kwao.

Nina mita ya umeme ya kisasa kabisa. Ile mita haijawahi kunifanya nywele zisimame.

"Na jana ulivuta sigara," akasema, macho bado kayafumba. "Asubuhi. Kabla ya ujinga wako wa kuchemsha."

"Umejuaje? Nilinawa!"

"Ulinawa mikono. Kucha hukunawa. Lete hicho kidude chako."

Nikampa. Akanusa kwenye mdomo wake, akakunja uso. "Hapa pameungua kama bani lililoshika moto." Akakirudisha. Halafu akatoa kifuani kikopo chake cha ugoro, kilikuwa kikopo cha zamani cha rangi ya viatu, akajitia kidogo puani, akapiga chafya.

Nikaona mwanya wa kujitetea. "Na wewe Shangazi unatumia."

"Natumia. Nimekuambia mimi ni mtakatifu? Lakini hiki nakijaza Jumapili nikitoka kanisani, na kinanifikisha Jumapili nyingine. Nikila kwa pupa kikaisha Ijumaa, nakaa mpaka Jumapili nalia. Wewe chako kinaisha lini?"

Nikatoa daftari begini, nikalifungua.

Nikalifunga.

Wakuu, nilikuwa na daftari zima. Chaji, uvujaji, baridi, koili. Kichupa cha juisi kinachukua siku ngapi kuisha, sikuwa nimeandika. Nikaanza kukumbuka vifurushi vya basi. Kichupa nilichoambiwa ni cha mwezi, cha kwanza kilinikalia wiki mbili. Cha mwisho hakikumaliza siku nane.

"Diploma yote hiyo na hujui?" Shangazi akasema. "Sikiliza, Injinia. Sigara ikifika mwisho inakuunguza vidole, inakuambia basi. Hiki nani anakiambia basi?"

Hilo swali, kwa ufupi, ndilo lililoshinda review yangu yote.

Tukafanya hivi. Kichupa kipya kilipofika alinitaka nikilete. Tukachukua kichupa kidogo cha dawa ya macho kilichokwisha, nikakiosha vizuri, tukakichora mstari kwa msumari wa moto. Kila Jumapili baada ya misa najaza mpaka mstari, basi. Kila baada ya Jumapili mbili tunachora mstari mpya, chini kidogo. Kichupa kikubwa kinabaki kwa Shabani dukani, amekifungia kwenye droo na funguo anayo yeye. Daktari wa zahanati nilimweleza, akasema nishuke hivyo hivyo, na nikizidiwa nirudi.

Kilichonishangaza ni Shangazi kuchora mstari kwenye kikopo chake pia.

"Tushuke wote," akasema. "Siwezi kukucheka huku kidole changu kiko puani."

Basi likawa shindano. Ananipigia simu Alhamisi: "Mwenye diploma, chako kimebaki?" Nikisema kimebaki, anasema, "Vuta pumzi niisikie." Wiki moja kiliisha Jumatano. Nilimfuata Shabani nikamwomba funguo, nikambembeleza, nikamtishia kuvunja urafiki.

"Haki ya Mungu sikupi," akasema. "Shangazi yako ana namba yangu."

Zile siku tatu sitazisahau. Lakini Jumapili ilifika.

Mstari ulishuka. Embe nikaacha, nikachukua isiyo na ladha, maana ladha ilikuwa inanitongoza. Halafu juisi yenye nguvu ndogo. Ikafika wiki ambayo Jumamosi jioni nilikitazama kile kichupa nikakuta kimebaki robo, na mimi nilikuwa nimekisahau nyumbani tangu asubuhi. Kusahau! Mimi!

Jumapili iliyofuata nikaenda Mpitimbi. Kidude nilikiacha Bombambili kwenye kabati la vifaa. Skola tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, anakaa kwa kujishikilia benchi.

Padre siku hiyo alihubiri kama analipwa kwa neno. Kisha matangazo. Kisha tangazo la michango ya paa. Kisha mwenyekiti wa parokia akaomba dakika mbili, akachukua ishirini. Mkono wangu ulianza safari yake ya mfukoni mara moja. Skola akaukamata katikati ya njia, akaushika, akaendelea kuimba.

Baraka ya mwisho ikanikuta nimekaa.

Tulirudi kwao. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumbembeleza. Nilipoingia chumbani nikakuta cherehani imeshafungwa kwenye kanga mbili, imekazwa kwa kamba.

"Umeifunga saa ngapi?"

"Jana," akasema.

Mtoto wetu amezaliwa salama, wa kike. Shangazi Edeltruda alikuja kutoka Lusewa na basi la asubuhi, amebeba kuku na unga. Alipofika alinawa kwanza mikono yeye, mpaka kwenye kucha, ndipo akambeba mtoto. Nikanyoosha mikono nimpokee mwanangu.

"Ngoja," akasema. "Lete vidole."

Akafumba macho, akanusa vidole vyangu kimoja kimoja, vya kulia halafu vya kushoto, kama anavyopitisha majani. Wakuu, nimefanya mitihani mingi maishani, na yote nilifaulu. Hakuna uliowahi kunitetemesha vile.

"Sabuni," akasema.

Akanipa mtoto.

Sasa niseme nilichojifunza. Kidude ni kizuri kwa ufundi wake, alama zangu sizifuti. Kama huvuti sigara, usikiguse, hakina la kukupa. Kama unavuta na unataka kushuka, kinaweza kukusaidia, ila nikotini ni ileile, na hakina kipisi cha kukuambia imetosha. Hiyo kazi ya kusema basi ni lazima uipe kitu au mtu mwingine, na uongee na daktari. Wa nyumbani kwetu kwenye tumbaku: majani yaacheni darini.

Changu bado kipo kabatini, betri imekwisha chaji. Shangazi yeye bado ana kikopo, mstari wake umefika karibu na kitako, na ananitaka nisimcheke.

Wanaotumia hivi vidude tiririkeni hapa chini, na msianze na mambo ya chaji na ladha. Mniambie kwanza: chako kinaisha siku gani?